Rangi Haichaguliwi Dukani

Chumba cha mama yangu huko Morogoro kilipakwa rangi mara mbili ndani ya wiki tatu. Mara ya kwanza niliichagua mimi, Dar es Salaam, nikiwa nimesimama dukani chini ya taa nyeupe na kadi ya rangi mkononi. Ilikuwa kijani laini, kama jani changa la mgomba linapoanza kufunguka. Kwenye kadi ilipendeza mno. Ukutani kwa mama ikawa rangi ya ugonjwa. Kila aliyeingia humo alionekana ameamka na homa, na mama, ambaye si mtu wa kulalamika, siku ya nne aliniambia, "Mwanangu, nikijitazama kwenye kioo humu ndani najiona kama nimekwisha."

Fundi tuliyemwita kurekebisha alikuwa mtu mzima, ameshapaka nyumba nyingi za mtaa ule. Hakuzitazama kuta kwanza. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akasogeza pazia, akatazama nje. Hatua chache kutoka ukutani kulikuwa na mwembe mkubwa ambao mama aliupanda kabla mimi sijaanza shule. "Mama, kijani mnacho tayari," alisema. "Huu mwembe unakipaka chumba hiki kila siku tangu asubuhi. Mwanao amekuongezea kingine juu yake." Akachukua karatasi nyeupe kutoka mezani, akaibandika ukutani kwa kiganja, akaniita nitazame. Karatasi ilikuwa na ukijani. Nilikuwa nimeingia chumba kile maisha yangu yote na sikuwahi kuuona.

Tangu siku ile nimepaka nyumba yangu, nimesaidia ndugu na majirani kupaka zao, na kosa nililolifanya nimelikuta kila mahali: watu huchagua rangi kwanza, kisha ndipo huipeleka nyumbani kuona itakuwaje. Naomba tuanze na nyumba. Tunachokiita rangi ya ukuta ni mwanga uliogonga ukuta ukarudi machoni. Ukibadilika mwanga, na rangi imebadilika, hata kama ndoo ni ileile.

Ushauri mwingi wa mapambo unaotufikia kwenye simu unatoka Ulaya na Marekani, na jambo la kwanza unalotuambia ni kutazama kama chumba kinaelekea kaskazini au kusini. Kwa wenyewe ni ushauri wa maana. London jua halifiki kamwe juu ya utosi. Adhuhuri liko upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka chumba cha kaskazini hubaki na mwanga wa anga tu, wa ubaridi na ubuluu. Sasa uchukue ushauri huohuo ukautumie Dar es Salaam, nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta. Hapa jua la adhuhuri hupita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena wiki ya pili ya Oktoba. Mwezi Juni huinamia kaskazini, Desemba huinamia kusini. Dirisha la kaskazini linaloingiza jua wakati wa kipupwe halitaliona tena wakati wa kaskazi. Ukipanga rangi zako kwa kaskazini na kusini, umepanga kwa jua la watu wengine.

Kinachotenganisha vyumba vyetu ni mashariki na magharibi. Asiye na uhakika na nyumba yake, kama yuko Dar es Salaam au Unguja na nyumbani wanaswali, jibu liko kwenye msala: kutoka huku kuelekea Makka ni kuelekea karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo mkono wa kulia ni mashariki na wa kushoto ni magharibi.

Chumba cha mashariki hupata jua mapema, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa nne, kisha mwanga hutulia na jioni huwa kiza cha mapema. Chumba kama hiki huvumilia rangi zenye joto: maziwa, mchanga, waridi iliyopauka, manjano ya unga wa mahindi ya njano. Jioni jua likishageuka, kuta hizo huendelea kukipa uhai. Chumba cha magharibi ni kisa kingine. Kuanzia saa tisa alasiri jua huingia limelala, lenye rangi ya dhahabu, na linapofika saa kumi na moja huwa kama moto wa kuni. Ukuta uliopakwa rangi ya machungwa au pichi, ambao saa tatu asubuhi ulikuwa mzuri, saa hiyo huwaka, na mtu aliyetoka kazini amechoka anakaa sebuleni kwake akihisi yuko mbele ya tanuri. Kwa sebule za magharibi mimi hupendekeza rangi zenye ubaridi ndani yake: kijivu kinachoelekea buluu, samawati iliyofifia, kijani chenye majivu. Joto lenyewe halitapungua hata nusu nyuzi, tusidanganyane. Joto ni kazi ya paa, miti na upepo. Lakini jicho litapumzika.

Kisha tazama dirisha linaona nini, maana chumba hupokea rangi ya kile kilicho mbele yake. Kwa mama ulikuwa mwembe. Tabata, Mwananyamala au Magomeni, mara nyingi ni ukuta wa jirani ulio umbali wa mita moja au mbili, na kama jirani amepaka samawati, chumba chako kimeshapata samawati bila wewe kuulizwa. Arusha, Iringa na kule Kiambu, udongo mwekundu wa uani hurudisha mwanga wa wekundu hadi darini. Nyeupe uliyoinunua kwa bei kubwa itaonekana na uwaridi. Kwenye mchanga mweupe wa Kigamboni au Diani mwanga hurudi mkali hadi unaumiza, na kuta nyeupe zinazong'aa huufanya mkali zaidi. Na kibaraza kipana, ambacho ni baraka kwa mwili, hufanya sebule iwe na giza. Hapo rangi nzito hugeuka kuwa matope.

Kazi ya kwanza, basi, haihitaji senti. Chukua karatasi nyeupe, ile ya kawaida ya kuandikia. Ingia kila chumba saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na usiku taa zikiwaka. Iweke karatasi ukutani, mbali na dirisha, uitazame kwa utulivu. Ina unjano? Ina ubuluu? Ina ukijani? Andika. Fanya hivyo siku mbili. Ukimaliza utakuwa umekijua chumba chako kuliko muuza rangi yeyote.

Hiyo ya usiku wengi huipuuza, na ndiyo iliyo kubwa, kwa sababu mfanyakazi wa mjini huiona nyumba yake usiku kuliko mchana. Tazama boksi la balbu: utakuta namba yenye herufi K, yaani kelvini. Zenye 2,700 au 3,000 hutoa mwanga wa njano kidogo, kama wa kandili. Zenye 6,500 hutoa mweupe wenye ubuluu, na hizi ndizo zimejaa madukani kwetu. Chini ya mwanga huo rangi zenye joto hufifia, krimu huwa kama karatasi, na kahawia huwa kijivu. Nimeshamwona mtu akitaka kupaka upya chumba kizima kwa kuwa "kimepoa", na dawa yake ikawa balbu mbili tu. Kabla hujanunua ndoo, nunua balbu utakayokaa nayo, ndipo ujaribu rangi chini yake.

Hapa naomba niseme jambo ambalo sijalikuta kwenye ushauri wa kigeni, kwa kuwa haukuandikwa kwa ajili ya ngozi zetu. Ukuta ni mandhari ya nyuso za watu tunaowapenda. Mtu mweusi akikaa mbele ya ukuta mweupe unaong'aa chini ya taa nyeupe, simu ikimpiga picha huhesabu weupe wa ukuta kwanza, inapunguza mwanga, na uso wake unakuwa kivuli. Picha ngapi za mahari na za sikukuu tunazo ambamo ukuta umeonekana vizuri na bibi haonekani? Rangi za uzito wa kati, kama udongo wa mfinyanzi, kijani cha mzeituni, kijivu chenye joto, hata buluu iliyokolea kiasi, huzifanya ngozi zetu zote, ya maji ya kunde na nyeusi tititi, zionekane kama zilivyo. Si lazima sebule nzima. Ukuta mmoja, ule ulio nyuma ya makochi, unatosha.

Tukishajua mwanga, sasa tuzungumze rangi yenyewe, na kwanza majina yake. Kiswahili kina rangi tatu tu zenye sifa zinazobeba viambishi: -eupe, -eusi, -ekundu. Nyingi kati ya zilizobaki tumeziazima kwa vitu. Manjano ni kile kiungo cha jikoni. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu, na ile nyekundu nzito tunaiita damu ya mzee. Wengine huona huu ni upungufu wa lugha. Mimi naona ni chombo kizuri sana cha kazi, kwa sababu kinakulazimisha ukumbuke kitu halisi. Ukimwambia fundi "nataka kahawia", muulizane: kahawa ipi? Ya buni iliyokaangwa, ya unga, au iliyotiwa maziwa? Ni rangi tatu tofauti. Lete kitu chenyewe. Mimi nimewahi kwenda dukani na kipande cha chungu, na mara nyingine na ganda la mbuyu. Kadi zina majina ya kigeni yanayopendeza masikioni lakini hayamwambii fundi lolote. Ganda la mbuyu humwambia kila kitu.

Halafu, usianze na ukuta. Anza na vile ambavyo huwezi kuvibadilisha: marumaru za sakafu, makochi, mapazia, milango ya mbao. Mashine ya kuchanganya rangi inaweza kukupa maelfu ya rangi. Duka la vitambaa Kariakoo litakupa hizo zilizokuja. Ukipaka kwanza utazunguka juani siku tatu ukitafuta pazia la kuendana na ukuta. Ukinunua pazia kwanza, ukuta utaufuata kwa saa moja.

Kuna hadithi ya kweli ninayoipenda kuhusu ujirani wa rangi. Mwaka 1824 mwanakemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alipewa kazi ya kusimamia upakaji rangi wa nyuzi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris. Moja ya malalamiko aliyoyakuta ni kwamba nyuzi nyeusi zilionekana hafifu zikishafumwa. Alizichunguza akaona rangi haina kasoro. Tatizo lilikuwa rangi zilizofumwa kando yake: jicho likitazama rangi mbili zilizo pamoja, kila moja huisukuma nyingine mbali na yenyewe. Mwaka 1839 alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Ndani ya nyumba zetu utaliona kwenye sakafu nyekundu, ile ya saruji iliyosuguliwa kwa nta. Weka ukuta wa kijivu juu yake, na kijivu kitaonekana kina ukijani ambao hakikuwa nao dukani. Fundi hajakosea na duka halijakuibia. Ni wekundu wa sakafu unaofanya hivyo. Hapo chagua kijivu chenye joto, au achana nacho, uchukue rangi ya mchanga.

Jaribio ndilo linalookoa fedha, na ndilo watu hulikimbia. Nunua kopo dogo kabisa la rangi unayoifikiria. Usiipake ukutani, maana rangi ya zamani inayoizunguka itakudanganya kwa njia ileile ya Chevreul. Chukua kadibodi kubwa, boksi la televisheni au la friji, lipake rangi nyeupe kwanza, kisha lipake rangi yako mikono miwili na uliache likauke kabisa. Rangi mbichi haifanani na iliyokauka. Lihamishe: karibu na dirisha, nyuma ya mlango, kando ya kochi. Halafu likunje katikati, ulisimamishe kwenye pembe ya chumba. Hapo utaona siri ambayo kadi haiwezi kukuonyesha: kwenye pembe kuta mbili hurudishiana rangi, na ile rangi hukolea. Chumba kizima ni pembe nne zinazofanya hivyo kwa pamoja. Ndiyo maana rangi uliyoipenda kwenye kadi, ukutani huonekana kali kuliko ulivyokusudia, na ndiyo maana mimi hushuka ngazi moja kwenye kadi, kuelekea ile iliyopauka zaidi. Nyeupe safi hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoifikia, nyeusi asilimia chache tu. Kati ya hizo mbili ndipo unapoamua chumba kiwe na uangavu kiasi gani, na katika chumba chenye dirisha moja dogo tofauti ndogo huonekana kubwa.

Kuhusu nyeupe nina neno zaidi, kwa sababu pwani tuna historia nayo. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo, na dari zikabebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Ndani zilipakwa chokaa nyeupe, na zile safu za zidaka ukutani ziliupokea mwanga mdogo wa uani na kuugawa chumbani. Weupe wa chokaa haung'ai. Una kina, unabadilika na saa. Umoja wa Mataifa, kupitia UNESCO, uliitambua miji hiyo kuwa urithi wa dunia, Mji Mkongwe mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, na anayekaa ndani ya nyumba hizo amekabidhiwa kitu kikubwa. Namwomba aliyerithi nyumba ya namna hiyo asiifunge kwa plasta ya saruji na rangi ya plastiki. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa. Chokaa huuruhusu kupumua. Ukiuziba, unyevu na chumvi hubaki ndani, na baada ya misimu michache rangi huvimba, hupasuka na kuanguka na kipande cha ukuta. Ukitaka rangi, chokaa yenyewe hukubali kutiwa rangi za udongo, na hutoa njano na waridi tulivu ambazo ndoo ya dukani haiwezi kuziiga.

Kwa nyumba ya tofali na saruji, mng'ao ni uamuzi mzito sawa na rangi yenyewe. Rangi ya maji isiyong'aa huficha mabonde ya plasta na kutuliza mwanga, ila haipendi kusuguliwa. Silki ina mng'ao kidogo, hufutika, na huonyesha kila kosa la fundi wa plasta, hasa jua likiingia ubavuni jioni. Rangi ya mafuta hung'aa na kudumu; nafasi yake ni milango, fremu, grili, jikoni na chooni. Mtu akikuambia upake silki nyumba nzima kwa kuwa "inasafishika", washa tochi uilaze ukutani usiku. Ukiona mawimbi, hayo utayaona kila jioni miaka yote, labda ukubali gharama ya puti na msasa kabla.

Na kwa wenye watoto, kuna desturi ya zamani ninayotamani irudi: mkanda wa chini. Shule na zahanati zetu bado zinao, mita moja hivi kutoka sakafuni imepakwa rangi ya mafuta iliyokolea, juu rangi ya maji iliyopauka. Wengi huuona ni wa kizamani. Lakini huo mkanda ulibuniwa na watu waliojua mahali mikono ya watoto inapofika, mahali kiti kinapogonga, mahali vumbi jekundu linaporuka mtu akifagia. Kwenye korido na chumba cha watoto, mkanda wa kijani cha mzeituni au wa udongo chini ya krimu ni mzuri kwa macho, na unafutwa kwa kitambaa na sabuni. Juu unapaka upya ukitaka, chini unadumu.

Kuhusu chumba cha watoto lazima niseme jambo la afya, na hili sitalipita haraka. Rangi za mafuta zinazowaka, hasa manjano, nyekundu na machungwa, zimekuwa zikitengenezwa na madini ya risasi katika nchi nyingi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako Gigiri, Nairobi, linapendekeza risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni kwenye rangi. Kwa hiyo soma kopo. Kama halisemi kwamba rangi haina risasi, liache hapo dukani, hata kama bei ni ya kuvutia. Na kama nyumba ni ya zamani na milango ina rangi ya mafuta inayobanduka, usiipige msasa mkavu watoto wakiwa ndani. Vumbi lile ndilo hatari. Tumia msasa wa maji, kusanya takataka zote, deki sakafu kwa kitambaa kibichi, na watoto pamoja na mama mjamzito walale kwa ndugu hadi kazi iishe.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo watu huonewa. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.8 kina kuta za mzunguko wa mita 15, yaani mita za mraba 42. Toa mlango mmoja na madirisha mawili, unabaki na 36 na kitu. Mikono miwili ni kama 73. Lita moja ya rangi ya maji, kwenye ukuta laini ulioandaliwa, hufunika mita za mraba 10 hivi, wakati mwingine 12. Unahitaji lita 7 na ushee: galoni mbili za lita 4. Fundi akikuambia ndoo ya lita 20 kwa chumba hicho, kaa naye mpige hesabu pamoja kwa heshima. Huenda ukuta ni mkavu na unanyonya sana, na hilo ni la kweli. Basi dawa yake ni praima, ambayo bei yake ni ndogo kuliko rangi ya kumwaga bure.

Nunua yote siku moja. Kama rangi imechanganywa kwa mashine, omba karatasi yenye namba za mchanganyiko. Kama fundi anachanganya mwenyewe kwa jicho, na wapo wanaojua kazi hiyo vizuri sana, achanganye ya nyumba nzima kwenye pipa moja kabla ya kuanza. Rangi iliyochanganywa kwa jicho Jumamosi haitarudi Jumanne, hata kwa mkono uleule. Na plasta mpya iachwe ikauke, wiki nne kwa uchache. Saruji mbichi huila rangi, na msimu wa masika iongezewe muda. Ukuta wenye chumvi inayochanua au doa la unyevu usiupake kabisa hadi upate bomba au msingi unaovuja. Hakuna rangi ya kuficha maji.

Dari kwanza, kuta baadaye, milango mwisho. Hilo fundi wako analijua.

Chumba cha mama kilipakwa mara ya pili rangi ambayo kwenye kadi nisingeitazama mara mbili: maziwa yenye tone la udongo mwekundu, karibu na chai iliyozidi maziwa. Fundi alitaka wekundu kidogo ili upambane na mwembe. Kwenye kadibodi, nje, ilionekana chafu. Chumbani, kijani cha majani na wekundu ule vilikutana vikazimana, na ukuta ukawa mweupe wenye joto, usio na jina. Mama alikaa kitandani, akajitazama kwenye kioo, akafunga vizuri kilemba chake, hakusema kitu.

Rangi iliyobaki iko kwenye chupa ya kioo iliyofungwa sana, chini ya kitanda chake, mbali na jua. Namba za mchanganyiko nimeziandika kwa kalamu ya risasi nyuma ya kabati la nguo, pamoja na tarehe, kwa sababu mwembe unazidi kukua, na siku tukiukata matawi itabidi tuibadilishe rangi.